Kobla ya Mnavu Chini ya Mlima Kasigau

Kobla ni upishi wa watu wasio na oveni. Hilo lishikwe kwanza, kwa sababu picha zake katika vitabu vya mapishi humtisha bure msomaji wa Voi au Mwatate: bakuli jeupe la kauri, oveni yenye taa ndani, na beri za rangi tatu nne zilizochumwa wakati wa joto la Ulaya. Ondoa hayo yote. Kinachobaki ni matunda yaliyokolea sukari chini, madonge ya unga juu, na moto unaoshuka na kupanda kwa wakati mmoja.

Walowezi wa Kiingereza waliohamia Marekani walizoea padingi na pai za kwao, ambazo zilidai mafuta magumu ya figo za ng'ombe, vyombo maalumu vya kuokea na tanuri la matofali. Kule walikofikia hawakuvikuta. Walikuwa na chungu cha chuma cha kumimina, chenye miguu mitatu na mfuniko wenye ukingo uliosimama pembeni ili makaa ya moto yasimwagike. Wakatupia matunda ndani, wakayafunika kwa unga wowote waliokuwa nao, wakarundika makaa juu. Mwaka 1839 Lettice Bryan aliuandika upishi huo kwa pichi katika kitabu chake The Kentucky Housewife, naye anakiri pale pale kwamba si chakula cha kuwaandalia wageni wa heshima, ingawa kwa watu wa nyumbani, pamoja na maziwa baridi, hakina mfano. Napenda ukweli wa mama huyo. Vitabu vingi vya mapishi havina ujasiri wa kusema kwamba chakula fulani ni kibaya kwa macho na kitamu mdomoni.

Kisha chungu hicho kikafuata ng'ombe. Mwaka 1866 mfugaji wa Texas, Charles Goodnight, aligeuza gari la kukokotwa la jeshi likawa jiko la safarini kwa ajili ya wachungaji waliosukuma mifugo kwa miezi, na wapishi wa magari hayo walitengeneza kobla kwa tofaa na pichi zilizokaushwa, porini, kwa makaa ya kuni. Msomaji aliyekulia kati ya ranchi za Rukinga, Choke, Maungu na Kasigau hana haja ya kuelezwa mazingira hayo. Ng'ombe, vumbi, maji ya kupimwa, na jioni moto mmoja wa kupikia kila kitu.

Na sisi upande huu hatukusubiri mtu wa Texas. Wali wa pwani hupaliwa: maji yakikauka, makaa hutolewa chini, mengine huwekwa juu ya mfuniko, na wali unaiva kwa joto la juu bila kuungua. Mkate wa kumimina huokwa vivyo hivyo, moto juu na chini, mpaka uso wake uwe na rangi ya kahawia. Mtu anayejua kupalia wali ameshajua nusu ya kazi iliyo katika sura hii. Nusu ya pili ni matunda, na hapo ndipo pana mazungumzo marefu.

Ukitoka Voi kwa barabara ya Mombasa unapinda Maungu kuelekea kusini, na mlima unauona muda mrefu kabla ya kuufikia. Kasigau ina urefu wa mita 1,641, imesimama peke yake katikati ya nyika kavu, na kileleni ina msitu unaonasa ukungu utokao Bahari ya Hindi. Maji ya msitu huo hushuka kwa mabomba hadi vijiji vilivyouzunguka mlima: Rukanga, Jora, Bungule, Makwasinyi, Kiteghe, Ngambenyi. Ukitembea dakika chache kutoka bombani umo tena kwenye miiba. Kwa hiyo shamba la mahindi, pojo na kunde linategemea mvua, na mvua ya kutumainiwa zaidi huku ni ile ya Novemba na Desemba, lakini kibustani cha mboga nyuma ya nyumba kinaweza kuwa kibichi hata Agosti, madhali mfereji unatiririka.

Katika hali hiyo, maneno ya mapishi ya Kizungu yanayotaka matunda ya msimu wa joto hayana maana. Joto tunalo mwaka mzima. Tunda linafuata mvua, na kila tunda lina mvua yake.

Wapo watakaosema twende tu dukani. Stroberi za Limuru zinapatikana katika maduka makubwa ya Nairobi, na tangu 2017 treni ya Madaraka Express inasimama Voi, hivyo mtu anaweza kuzipakata kutoka Nairobi akazifikisha zikiwa zimechubuka kiasi tu. Sina ugomvi naye. Lakini hiyo ni kobla ya nauli.

Nyika yenyewe ina matunda mengi madogo, na mengi kati ya hayo hayafai. Kunazi ni tamu kuliwa mkononi, ila mbegu yake ni kubwa kuliko nyama, na hakuna mgeni anayefurahia kutema kokwa kumi katika kijiko cha kwanza. Matunda ya mkone, ambayo wachungaji na watoto huyatafuna njiani, yana utamu wa kweli na ngozi nyembamba juu ya kokwa ngumu. Yaloweke, yakamue, uchuje, upate maji matamu ya kukandia unga, basi. Zambarau za pwani zina rangi ambayo ingefaa sana, lakini nazo zina kokwa na zinakausha ulimi. Embe ni jambo jingine. Embe ngowe au apple, la Desemba hadi Machi, linaoka vizuri na halina kiburi. Tatizo lake ni utamu mtupu usio na ukali, na rangi moja. Linahitaji mwenzake.

Mwenzake yuko nyuma ya nyumba. Ni mnavu.

Najua msomaji amesita. Mnavu ni mboga: majani machungu kidogo, yachemshwe, yapikwe kwa maziwa au tui, yaliwe na ugali. Wengine nchini huuita managu. Lakini mnavu ukiachwa bila kuchumwa hutoa maua meupe madogo, kisha vishada vya matunda ya mviringo, ya kijani kwanza. Ule wa majani mapana, unaopendwa na wakulima kwa wingi wa majani yake, hatimaye huzaa matunda meusi yenye zambarau, mengine yakikaribia ukubwa wa punje ya njugumawe. Mkulima hodari huvunja maua ili majani yaendelee kuchipua, kwa hiyo matunda tunayaona tu kwenye mashina yaliyosahauliwa, na ndege huyafikia kabla yetu.

Mmea huo huo wa majani mapana, ambao asili yake ni Afrika, umekuwa ukipandwa Marekani kwa ajili ya matunda yake. Huko majani hutupwa. Matunda huchumwa yakishaiva, yakapikwa kwa sukari na kutiwa ndani ya pai. Wajerumani waliotoka Urusi wakahamia majimbo ya nyanda za kati za Marekani walikuwa wakipanda mnavu wa aina ya jamaa yake wa karibu na kuoka keki kwa matunda hayo meusi, na wajukuu wao wanaendelea mpaka leo. Mwaka 1909 mnavu uliingia hata kwenye ugomvi wa magazeti: mkuza mimea maarufu wa California, Luther Burbank, alitoa tunda jipya ambalo alidai amelizalisha kwa kuchanganya minavu miwili ya aina tofauti, likatangazwa na wauza mbegu kama ajabu la dunia, na wapinzani wake wakalalamika kwamba anauza gugu la kawaida kwa bei ya dhahabu. Nani alikuwa na haki sina haja ya kuamua. Linalonivutia ni kwamba watu walipigana kuhusu beri ambayo bibi zetu huing'oa ili isiharibu mboga.

"Mwanangu, hayo ni ya ndege," aliniambia mwenyeji wangu wa Rukanga, mama mtu mzima anayelima ngazi tatu za mboga karibu na bomba, nilipomwomba aniachie mashina machache yazae. Kisha akacheka. "Lakini tuliyala tukienda kuteka maji. Ulimi unakuwa mweusi, mama anajua hukwenda moja kwa moja."

"Na tumbo halikuwauma, mama?"

"Meusi? Hapana. Ukila ya kijani, hapo ungechapwa kabla hata hujaumwa."

Mama huyo alikuwa na haki, na jambo hili lisemwe bila mzaha. Matunda mabichi ya mnavu, yale ya kijani, yana sumu inayoitwa solanini, ile ile ya viazi vilivyogeuka kijani kwa jua, na yanaweza kumdhuru mtu, mtoto hasa. Chuma yaliyoiva kabisa peke yake: meusi kote, yaliyopoteza mng'ao, laini ukiyabonyeza. Chuma kwenye mnavu ulioupanda mwenyewe au unaoujua kwa majani yake. Usiokote tunda la porini kwa kubahatisha, kwani nyika hii imejaa jamaa zake wabaya, tunguja akiwa wa kwanza, na manjano yake yanayovutia yamewadanganya wengi.

Ukilionja tunda la mnavu lililoiva kabla halijapikwa, utajiuliza kelele zote hizo ni za nini. Limepoa. Lina utamu wa mbali, uchungu kidogo nyuma ya ulimi, na harufu kama ya nyanya. Wanaoliokea Marekani wanajua kwamba haliwi tunda mpaka lipikwe na kutiwa kitu kikali, na wao hutumia ndimu. Sisi tuna viwili vilivyo bora.

Cha kwanza ni ukwaju. Ukali wa ukwaju unatokana hasa na asidi ya tartariki, ambayo ni ya ukoo mmoja na ile poda nyeupe iliyokuwa ikikwanguliwa kwenye mapipa ya mvinyo kule Ulaya na kutiwa katika beking pauda za mwanzo. Cha pili ni ubuyu. Mibuyu iko kila mahali kuanzia Kibwezi hadi pwani, na ile ya Tsavo mingi ina makovu ya pembe za ndovu, ambao huipasua wakati wa ukame ili watafune mti wake wenye maji. Buyu hukauka likiwa bado mtini, na unga wake mweupe unaozunguka mbegu una vitamini C nyingi kuliko chungwa. Ulaya waliuruhusu rasmi kuuzwa kama chakula mwaka 2008, wakati ambapo watoto wa Mombasa walikuwa wamechoka kuumumunya ukiwa umepakwa rangi nyekundu na sukari. Kwa mwokaji ubuyu una sifa nyingine inayosahauliwa: umejaa pektini, kile kitu kinachofanya jemu igande. Kijiko kimoja au viwili vinaleta ukali na vinafunga rojo, na huhitaji wanga wa mahindi.

Basi tuanze na sufuria ya upana wa shubiri moja na ushei. Tia vikombe viwili vya matunda ya mnavu yaliyooshwa na kutolewa vikonyo. Maji kidogo tu, yasiyafunike. Yakichemka na kupasuka, nyunyiza soda ya kupikia kiasi cha ncha ya kisu, na usogee uangalie, maana hili halionekani kila siku jikoni. Povu linapanda, na zambarau inageuka mbele ya macho yako ikawa bluu, kisha kijani cha maji ya bwawa. Jirani akichungulia atadhani umechemsha nguo. Ni rangi za tunda lenyewe, ambazo hubadilika kila zinapokutana na kitu chenye magadi au kitu kikali. Wapishi wa zamani wa tunda hili waliweka soda kuondoa uchungu. Mwaga maji hayo na povu lake, rudisha matunda motoni, kisha tia vijiko vitatu vya mezani vya ukwaju uliokamuliwa mzito. Kwa mizunguko miwili ya mwiko kijani kinatoweka na nyekundu iliyokolea inarudi, nzito kuliko mwanzo.

Ongeza maembe mawili makubwa yaliyokatwa vipande vya ukubwa wa kidole gumba. Yasiwe yameiva sana, yakiwa yamelegea yatakuwa uji. Nje ya msimu wa maembe, papai linaloanza tu kubadilika rangi linafaa, na ukwaju uongezwe. Kisha sukari nusu kikombe, vijiko viwili vya mezani vya ubuyu uliochekechwa, chumvi ya kubana kwa vidole viwili, na iliki tatu zilizotwangwa. Mdalasini wa vitabu vya Marekani sina haja nao hapa. Unazika mnavu mzima mzima.

Ukipata asali, punguza sukari ifike robo kikombe na utie vijiko vitatu vya asali mwishoni, moto ukiwa mdogo. Asali ya upande huu ina habari yake. Huko Sagalla, kati ya Voi na Kasigau, wakulima wakishirikiana na shirika la Save the Elephants wamekuwa kwa miaka mingi wakizungushia mashamba uzio wa mizinga. Mizinga inaning'inia kwenye waya uliounganishwa, na ndovu akijaribu kupita kati ya miwili huitingisha yote, nyuki wakatoka. Ndovu huwaogopa nyuki, ambao huweza kumchoma kwenye ngozi laini ya macho na ndani ya mkonga. Hivyo mkulima huokoa mahindi yake na kurina asali juu yake. Uzio hauzuii kila ndovu kila usiku, na kipindi cha ukame mizinga mingine hubaki mitupu kwa kuwa hakuna maua. Lakini asali ikipatikana ni nyeusi na nzito, na inakaa vizuri na ukwaju.

Unga sasa. Ngano ni mgeni wa reli katika nchi hii kavu. Reli ya Uganda ilifika Voi mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, na muongo mmoja hivi baadaye, 1908, Lord Delamere alianzisha kampuni ya Unga, na taratibu pakiti nyeupe zikashinda vinu vya mawe. Chakula cha wenyeji wa vilima vya Taita hakikuwa na ngano wala hakikuihitaji. Mtama na mahindi vilitosha, na kimanga kilichopondwa kwa mihogo na maharagwe kilimshibisha mtu mpaka kesho. Nasema hivi kwa sababu kobla inakubali unga mchanganyiko kuliko karibu kila kitu kingine kinachookwa. Haiumuki kama mkate, haikatwi vipande kama keki, hakuna anayeipima kwa urefu. Mimi hutumia kikombe kimoja na nusu cha ngano na nusu kikombe cha mtama mwekundu. Mtama unaleta punje punje mdomoni na ladha ya moshi kidogo inayokwenda vizuri na tunda jeusi. Ukizidisha mtama zaidi ya hapo, donge linavunjika kama udongo.

Changanya unga huo na vijiko viwili vya chai vya beking pauda, robo kijiko cha chai cha soda, nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko viwili vya mezani vya sukari. Fikicha ndani yake siagi baridi ya gramu 90 hivi, kwa ncha za vidole, ukiacha vijidonge vya ukubwa wa mbaazi. Blue Band inafanya kazi. Baridi ndiyo shida ya Kasigau. Saa nane mchana siagi ni mafuta ya kumiminwa, hivyo fanya kazi hii asubuhi au uzamishe kopo la siagi kwenye maji ya mtungi. Kisha mimina robo tatu ya kikombe cha maziwa mala na ukoroge kwa uma mara chache, uache ukiwa bado una mabonge. Atakayeukanda kama chapati atakula ngozi. Wasiotumia maziwa watie tui zito pamoja na kijiko cha maji ya ukwaju, na siagi waipunguze nusu.

Mala ina kazi mbili hapo. Inalainisha, na uchachu wake unaishtua soda, nayo soda inatoa hewa ukaa inayoinua donge. Beking pauda inafanya hivyo hivyo, ila yenyewe imefungashwa na asidi yake ikiwa kavu. Aliyeipa sura tunayoijua ni mkemia wa Birmingham aitwaye Alfred Bird, mwaka 1843, kwa sababu mkewe hakuweza kula kitu chenye hamira. Kabla ya hapo uso wa kobla ulikuwa tabaka la unga na mafuta tu, zito kama mfuniko.

Na kwa kuwa tumeitaja hewa ukaa, haiwezekani kuwa Kasigau usiitaje ile nyingine. Takriban hekta 200,000 za nyika kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi zimo katika mradi wa REDD+ wa Kasigau, unaoendeshwa na Wildlife Works, na mwaka 2011 mradi huo ulikuwa wa kwanza wa aina yake duniani kupewa hati za hewa ukaa chini ya kiwango cha VCS. Kampuni za mbali hununua hati hizo, miti inabaki imesimama, na sehemu ya fedha imelipia karo na miradi ya maji vijijini. Kilichokuwa kikiimaliza nyika ni hasa uchomaji makaa na ukataji wa kufungua mashamba. Kwa hiyo mtu anayekuja hapa na kitabu cha mapishi kinachotaka makaa juu na chini anapaswa kueleza makaa hayo yametoka wapi.

Jibu langu ni kwamba kobla inataka makaa machache mno. Mkebe mmoja wa kilo mbili unatosha na kubaki, na unaweza kutumia yale yaliyopika chakula cha mchana. Huko Maungu kumewahi kutengenezwa makaa ya matofali kutokana na matawi yaliyopogolewa, bila kukata mti, nayo yanafaa kuliko makaa ya kawaida kwa kazi hii: hayana mwali, yanadumu, hayarushi cheche. Hata vibonge vya vumbi la makaa vilivyofinyangwa kwa udongo vinaweza. Usichokitaka ni moto mkali.

Jiko la bati lenye kikombe cha udongo ndani, ambalo lilianza kuenea Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, linahifadhi joto vizuri na linafaa. Acha makaa yawake mpaka yavae majivu. Chota theluthi mbili kwa koleo uyaweke kando kwenye kigae. Theluthi iliyobaki itandaze chini na uinyunyizie majivu. Rudisha sufuria, matunda yakiwa yanachemka, na hili ni muhimu: donge likiangukia matunda baridi, tumbo lake litabaki bichi huku mgongo umeungua. Chota unga kwa kijiko kikubwa, udondoshe madonge saba au manane juu ya matunda, ukiacha nafasi mvuke upumue. Nyunyiza sukari kiduchu.

Mfuniko wa sufuria wa aluminiamu ni mwembamba na makaa yakiukalia moja kwa moja unaweza kupinda. Tafuta sinia la bati lililonyooka, lifunike sufuria, tandaza majivu unene wa kidole, ndipo upange makaa, mengi ukingoni na machache katikati. Mwenyeji wangu hakuyapenda majivu. "Unazima moto wako mwenyewe," alisema. Alikuwa amezoea kupalia wali kwenye chungu cha udongo, ambacho hakina wasiwasi na makaa. Akaondoa nusu ya majivu yangu kwa ncha ya mwiko, akasogeza makaa mawili, akainamisha sikio. Nami nikasikia: mchemko uliokuwa wa haraka na mwepesi ulikuwa umegeuka mzito, kiputo kimoja kimoja kikipasuka chini ya unga. "Sasa," alisema, "mwache." Sijui kitabu kinachofundisha kupima kobla kwa sikio, lakini ndivyo ilivyo. Rojo likishakuwa zito, sauti inashuka.

Ni dakika 30 hadi 40, kutegemea upepo. Usifunue kabla ya 25, kwa kuwa kila ukifunua joto lote la juu unaliondoa na sinia, na majivu yatatafuta njia ya kuingia ndani. Ukifunua, nyanyua sinia wima, usiliinamishe. Madonge yawe na rangi ya asali juu, mtama ukionyesha madoadoa, na pembeni rojo la zambarau liwe limepanda na kuganda ukingoni mwa sufuria. Chomeka kijiti cha fagio ndani ya donge la katikati. Kikitoka na ute, palia makaa mapya mawili uongeze dakika kumi.

Iache ipumzike kabla ya kupakua, kiasi cha mtu kunywa kikombe cha chai, rojo lishike. Pakua kwa upawa kutoka chini, donge moja kwa kila mtu na matunda yake, umwagie maziwa baridi juu. Lettice Bryan alikuwa na haki kuhusu hayo maziwa. Mama wa Rukanga alipendelea mala, na baada ya kuonja zote mbili nakubaliana naye, kwa kuwa mala inakata sukari. Wajukuu wake walikwenda moja kwa moja kwenye rojo lililoganda ukingoni, wakalikwangua kwa vijiko, na ndimi zao zilitoka nyeusi kama alivyosema.

Kitakachobaki, kama kitabaki, kihamishie bakuli la udongo au la plastiki usiku ule ule. Ukwaju na ubuyu vikilala ndani ya aluminiamu, vinaitafuna, na asubuhi utapata ladha ya chuma. Kobla iliyolala inapashwa kwenye kikaango kikavu, upande wa unga ukitazama chini, na inalika vizuri na chai ya rangi. Na katika kitalu cha mboga weka alama mashina mawili ya mnavu yasivunjwe maua, uyafunike kwa kipande cha neti kuukuu, la sivyo msimu ujao utaoka embe peke yake.